Mstari wa Alice Chepkorir

Ngetich mwanangu,

Nimekutuma kwa kogo wako na kibuyu cha maziwa ili nibaki na meza hii peke yangu. Unamjua nyanya yako, hatakuachilia upesi. Atataka uketi, ule, kisha usikilize habari za kila ng'ombe aliyewahi kuzaa katika boma lile. Nimepiga hesabu. Kwenda nusu saa, kukaa saa mbili, kurudi ukipanda mlima dakika arobaini. Nina saa tatu na dakika kumi, nikitoa za mvua. Wingu limesimama juu ya mashamba ya kampuni tangu saa sita, chini jeusi, juu jeupe, na wewe umezaliwa huku, unajua wingu la namna hiyo limebeba nini. Likishuka litapasua majani ya wiki nzima.

Mambo ya soksi, blanketi na chakula sitayaandika. Hayo utayajua ukishapigwa na baridi na njaa mara moja. Nataka kuandika juu ya sentensi moja tu.

Iko kwenye barua yako ya kazi, ukurasa wa pili. Wewe umeisoma mara ngapi? Mimi nimeisoma mara kumi na tisa. Wanasema mtafundishwa miezi mitatu misingi ya hifadhidata, halafu mtapewa kumbukumbu za kliniki ndogo sita mziunganishe ziwe kitu kimoja. Hapo ndipo wameandika: "Kuondoa mistari iliyorudiwa na safu zisizohitajika." Ulipomsomea baba yako alisema, "Kumbe ni kazi ya kufagia tu," ukacheka. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Niliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, na nyinyi hamkuona. Chini ya sentensi hiyo kuna orodha ya zile kliniki. Ya tatu ndiyo niliyofanyia kazi miaka tisa.

Baba yako anajua nusu ya habari hii. Wewe nakupa yote, kwa sababu ni wewe utakayeikuta.

Unajua nilianza na kikapu mgongoni. Nilichokuwa nacho zaidi ya wenzangu ni kichwa. Karani wa mizani akisoma kilo za wanawake thelathini, mimi nilikuwa nimejumlisha kabla hajashika kalamu. Siku moja nikamwambia, "Umekosea kilo nne."

Akasema, "Wewe mama, chuna majani."

Alikuwa amekosea kilo nne. Habari hiyo ilizunguka, watu wakaicheka, ikamfikia mwenye kliniki ya pale sokoni, yule ambaye sisi sote tulimwita Daktari. Akanichukua niandike kadi za wagonjwa. Kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ngumu ya rangi ya maziwa, na juu kulia palikuwa na namba. Kadi zilikaa kwenye droo za mbao. Ulikuja kliniki ukiwa mdogo ukazipanga chini ukidhani ni ng'ombe.

Kisha kompyuta ikaja, na kitabu kisicho na jalada, kurasa nyingine zimeng'oka. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma kitabu kile nikisubiri maji yachemke, nikikamua, nikimsubiri baba yako. Kwa hiyo wakikufundisha kwa maneno mazuri kuliko yangu, usicheke. Yangu niliyalipia.

Watakuambia jedwali ni mistari na safu. Ni kweli, hata shamba la chai ni mistari. Mstari mmoja ni mtu mmoja, na safu ni swali moja ambalo kila mtu lazima ajibu: jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali, simu, dawa inayomdhuru. Mahali mstari na safu vinapokutana pana kisanduku, na kisanduku hicho ni jibu la mtu huyo kwa swali hilo. Hakuna zaidi ya hapo. Mtoto anaweza kuelewa. Ndiyo maana watu wazima wanaidharau.

Jambo la pili watakalokufundisha ni ufunguo. Kila mstari lazima uwe na kitu kimoja ambacho hakuna mstari mwingine unacho, ili ukimtafuta mtu umpate yeye na si jirani yake. Sisi tulikuwa nacho tayari, ile namba ya kadi. Nilipoanza kuandika majina kwenye mashine nilimuuliza Daktari, "Namba za kadi niziwekee safu?"

"Za nini hizo? Kompyuta itatoa namba zake."

Na kweli ilitoa. Moja, mbili, tatu, mpaka elfu na zaidi. Nikaona ni akili. Sikuona kwamba namba ya mashine inajua kitu kimoja tu, kwamba huu ni mstari mwingine. Haijui kama huyu ni mtu mwingine. Mama mmoja akija mara mbili, na msichana wa zamu akamwandika upya, mashine ilimpa namba mbili na kunyamaza. Kamba iliyofunga mstari kwenye kadi nilikuwa nimeikata mwenyewe, kwa kuona uvivu wa kuandika tarakimu tatu au nne kwa kila mtu. Nilipiga hesabu ya saa nilizookoa. Zilikuwa saa tatu.

Sasa fikiria watu wetu. Wewe ni Kipngetich kwa sababu ulitoka ng'ombe wakitolewa boma asubuhi. Ng'ombe hutolewa kila asubuhi, Ngetich. Darasani mwako mlikuwa wangapi? Watano, na wawili kati yao baba zao wote ni Koech. Msichana akizaliwa kabla ya mapambazuko ni Chepkorir, iwe hapa au kule Mulot, kisha anabatizwa jina ambalo kasisi amelizoea, kisha anaolewa na kuchukua jina la nyumba ya mumewe. Mimi nimezaliwa ndani ya desturi hiyo. Nilipaswa kuwa mtu wa mwisho hapa duniani kudhani kwamba jina linatosha.

Asubuhi moja Daktari aliniita. Wageni walikuwa wanakuja Jumatatu kuona mfumo wetu, na alitaka waukute safi. "Toa waliorudiwa," akasema. Maneno yale yale ya barua yako.

Nikaiuliza kompyuta: nipe majina yanayojirudia. Ikanipa jozi mia mbili na kumi na nne. Kumbuka hapo. Kompyuta inakujibu ulilouliza, haijui ulilotaka kujua. Mimi nilitaka watu waliorudiwa. Niliuliza majina. Ikanijibu kweli tupu, na kwa kweli ile nikaharibu.

Siku mbili nilifanya kazi. Kwa jozi mia mbili na kumi na moja nilifungua droo, nikatafuta kadi, nikalinganisha. Wengine walikuwa mtu mmoja, nikafuta mstari wa pili. Wengine walikuwa wawili, nikawaacha. Ijumaa saa kumi na nusu nilikuwa nimebakisha jozi tatu. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa nimejisifu moyoni. Sista alikuwa dirishani akinawa mikono.

Sista unayemjua. Sista Achieng'. Alikuwa nesi wetu mkuu, na wazazi wake walikuja kutoka upande wa ziwa kufanya kazi katika kiwanda cha chai kabla yeye hajazaliwa. Akanitazama nikibonyeza, akasema, "Mama Ngetich, pole pole. Utafuta watu."

"Nafuta mistari, Sista."

"Haya. Mimi ni Achieng', wa jua la mchana. Ukisimama soko la kwetu uite Achieng', nusu ya soko inageuka, na nusu nyingine inauliza yupi. Nyinyi si ndio hivyo hivyo?"

"Sisi tunajuana," nikamjibu. Tukacheka wote wawili.

Jozi tatu za mwisho niliziamua kwa kichwa, bila kufungua droo. Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ilikuwa sawa. Ya tatu ilikuwa Alice Chepkorir Langat, na Alice Chepkorir Langat. Mwaka mmoja wa kuzaliwa. Mahali, wote wawili, Belgut. Nilimjua Alice, tulichuna chai mstari mmoja. Mstari wa namba 1406 ulikuwa na simu, ndio mpya, nikauacha. Wa namba 519 haukuwa na simu. Safu ya dawa inayomdhuru mtu ilikuwa ya mwisho kulia, nje ya skrini. Ilibidi usukume ukurasa ili uione. Sikusukuma. Nikafuta 519. Kitabu kilikuwa kimesema weka nakala kabla hujafuta chochote, na ukurasa huo haukuwa umeng'oka. Jumatatu wageni walikunywa chai wakanisifu.

Wiki saba zikapita.

Waliomleta ni mama mkwe wake na shemeji, kwa pikipiki, katikati yao wawili kama gunia. Homa, kifua, macho yamepinduka. Nikauliza jina, shemeji akasema, "Alice Chepkorir Langat." Nikainua macho nimsalimu.

Uso haukuwa wa Alice ninayemjua.

Nataka uelewe kipande hiki kuliko vyote. Niliona. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilijua kwamba huyu ni mtu mwingine. Kisha nikajiambia homa hubadilisha uso. Nilijiambia hivyo kwa sababu jambo lile lingine lingenirudisha kwenye droo, na kwenye ile Ijumaa.

Sista aliita kutoka ndani. "Kuna dawa inayomkataa?"

Mama mkwe akasema, "Uliza kompyuta. Si mlituambia iko na kila kitu?"

Nikafungua 1406. Nikasukuma ukurasa, safari hii nikasukuma, mpaka safu ya mwisho. Kisanduku kilikuwa kitupu. Nikamwambia Sista, "Hapana."

Mwanangu, tupu si hapana. Watakufundisha wiki ya kwanza, watasema kisanduku kitupu si sifuri na si neno, ni kutojua, na wenzako watapiga miayo kwa sababu kinaonekana kitu kidogo. Kisanduku kile kilikuwa kinaniambia: sijui, hakuna aliyeniuliza. Mimi nilikifungulia mdomo nikakisemea neno lisilo lake. Hakuna kosa lingine maishani ambalo nimelifanya kwa neno moja.

Alichomwa penisilini. Alikufa kabla mama mkwe hajamaliza kukunja leso aliyokuwa amemfunika njiani.

Walipoondoka na mwili nilikwenda kwenye droo. Nilimpata kwa dakika moja, Ngetich. Dakika moja. Kadi namba 872, Alice Chepkorir Langat, ameolewa akitoka Londiani, na chini, kwa wino mwekundu wa nesi aliyekuwepo kabla ya Sista: ASIPEWE PENISILINI. Kadi ya Alice wetu ilikuwa nyuma yake, zimegusana. Nikaiweka 872 ndani ya nguo. Mwezi ule ule kadi zote zilichomwa nyuma ya kliniki, wakasema ni kutoa nafasi.

Kama habari ingeishia hapo ningesema nimekosea kama binadamu, ningetubu, ningekufa na makosa yangu. Haikuishia hapo.

Siku ya tatu Daktari alifunga mlango. "Wakaguzi wanakuja. Ile safu ya dawa ijaze."

"Ya nani?"

"Ya Alice. Andika penisilini inamdhuru."

"Daktari, aliyebaki pale ni Alice mwingine. Yuko hai. Jana nimepitana naye ana kikapu."

"Basi hakuna utakayemdhuru. Nani amewahi kufa kwa dawa aliyonyimwa? Andika." Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Mtoto wako yuko darasa la tatu sasa, sivyo?"

Sikuambii ili ubebe. Ulikuwa na miaka tisa, ulikuwa unakunywa uji. Nakuambia ili ujue sauti hiyo ukiisikia. Haipigi kelele. Inauliza habari za nyumbani.

Nikaandika. Mashine haikuniuliza kwa nini. Haikusita hata kidogo. Kisanduku hupokea chochote unachokitia, na kesho yake kinakitoa kwa uso ule ule wa ukweli.

Wakaguzi walikuwa watatu. Walisimama nyuma ya kiti changu wakatazama skrini, na pale palikuwa na onyo, wazi, kana kwamba lilikuwepo siku zote. Wakamgeukia Sista.

"Haikuwepo!" akasema. "Nilimuuliza huyu, akanijibu hapana. Mama Ngetich, waambie."

Mkubwa wao akaniuliza kama onyo lilikuwepo siku ile.

Nikasema, "Iliyo kwenye kompyuta ndiyo iliyo."

Niliichagua sentensi hiyo. Niliipima kama kilo. Kila neno lake lilikuwa kweli. Sista alinitazama, hakulia, hakunitukana. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma namba ya kadi, "Ulisema hapana." Akavua kitambulisho chake kifuani akakiweka mezani pangu. Walimwondoa kazini, wakampokonya na karatasi za unesi. Hakuna aliyeshangaa sana. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, na huku kwetu kosa likitafuta mahali pa kulala halikosi kujua nyumba za wageni. Hata hilo nilikuwa nimelihesabu kabla sijafungua mdomo.

Umewahi kuniuliza kwa nini kila Jumamosi napita wauzaji wanne wa viazi ili ninunue kwa yule wa tano. Ulidhani ni udugu. Mwanamke wa tano ni Sista. Huwa ananijazia debe, kisha anaweka viwili vya nyongeza juu na kusema, "Vya Londiani hivi, Mama Ngetich, havina maji." Hajawahi kusema neno lingine. Wewe ndiye hubeba. Miaka hii yote umekula viazi hivyo.

Alice wetu naye hajui kitu. Kila akiugua kifua analalamika kwangu, "Mbona wananinyima sindano ya kawaida? Wanasema kompyuta imekataa." Anacheka. Mimi nacheka naye.

Na yule wa Londiani hajafa, kwenye mashine. Usishtuke, ni hesabu tu. Ili uandike kifo lazima uwe na mstari wa kukiandika. Wake niliufuta, na huu uliobaki ni wa mtu anayetembea. Alipokuwa hai nilimtoa, na alipokufa hapakuwa na mahali pa kumzika.

Miaka miwili baadaye Daktari alimleta mpwa wake mwenye diploma, akaniambia nimpe funguo na kiti. Miaka tisa, na sikupewa hata asante. Nilikuwa na hasira ya kutosha kumchoma, lakini kiberiti kilikuwa na jina langu. Ndiyo nikafungua kibanda changu cha kuchapa barua, na hasira ile ndiyo iliyokulipia shule, kwa hiyo siikatai. Lakini imenila.

Nisikilize sasa, kwa maana wingu limeshuka.

Kitabu kile kilikuwa na sura ya mwisho ambayo haikuwa imepotea. Ilifundisha jinsi ya kuongeza safu mbili zinazojijaza zenyewe, moja ya saa na tarehe ya mabadiliko, nyingine ya jina la aliyebadilisha. Niliziongeza mwaka wa kwanza, kwa kujionyesha tu, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha. Kwenye fomu, yaani ile sura nzuri ambayo watu hutazama, sikuziweka. Zilikuwa zinajaza skrini. Zikabaki chini, kwenye jedwali lenyewe. Fomu ni uso, na jedwali ndilo tumbo. Wakaguzi walitazama uso. Daktari hajui mpaka leo kwamba kuna tumbo.

Kwa hiyo kila kitu kipo. Onyo la 1406 liliandikwa siku ya tatu baada ya kifo, saa tano na dakika kumi na nne, na jedwali linajua ni nani aliyeliandika. Kuna na jedwali jingine, la mahudhurio, ambamo kila safari ya mgonjwa inashikilia namba ya mwenyewe. Ulipozaliwa, kogo wako na wanawake wengine waliita majina ya wafu wetu mmoja mmoja mpaka ukapiga chafya, na pale ulipopiga chafya ndipo walipojua ni nani aliyerudi. Jina hilo halimo kwenye cheti chako, lakini limekushika, na wewe umelishika. Walimu wako wataliita ufunguo wa kigeni, kitu cha jedwali hili kinachomshika mtu wa jedwali lile. Nilipofuta 519 sikufuta safari zake. Ziko nne. Bado zimeshika mkono wa mtu ambaye hayupo.

Watakuambia mahudhurio kama hayo ni mistari yatima, iondoe. Watakuambia safu za tarehe na jina hazihitajiki, ziondoe. Hawatakuwa na nia mbaya. Watakuwa na haraka, na orodha, na wageni wa Jumatatu. Faili litakuwa safi, litapelekwa kliniki zote sita, na yule wa Londiani atakuwa hajawahi kuzaliwa, na Sista Achieng' atakuwa muuaji mahali sita badala ya mahali pamoja. Na mkono utakaofanya hivyo utakuwa wako.

Ndilo hilo ninaloliogopa tangu nilipoacha mwiko kwenye sufuria. Siogopi mji, wala marafiki, wala pombe.

Usiibe faili. Usilitie kwenye flashi ukaniletea. Habari za wagonjwa si zako wala zangu, na mimi nimeshazifanya zangu mara moja. Mwambie mkubwa wako kwa maandishi, si kwa mdomo, kwamba safu mbili za jedwali la kliniki ya tatu zina ushahidi wa kifo na zisiguswe. Weka nakala ya barua hiyo. Wakikuuliza umejuaje, waambie mama yako ndiye aliyekuwa karani. Huenda ukapoteza kazi kabla hujaizoea. Nimepiga hesabu hiyo pia, na haikunifurahisha.

Mimi nami nina yangu. Kesho Jumamosi, ukishaondoka, nitapita wauzaji wanne. Sitabeba kikapu. Nitabeba kadi 872 na nitaiweka juu ya viazi, halafu nitasema lile neno ambalo wakaguzi waliniuliza. Sijui atafanya nini. Anaweza kunipeleka kwa wakaguzi, na nitakwenda. Anaweza kuita soko zima. Anaweza kunijazia debe, na hilo ndilo sijui kama nitalistahimili.

Mvua ya mawe imeanza kupiga bati. Sauti imekuwa kubwa, siisikii kalamu. Natumaini umejibanza mahali.

Kitu kimoja cha mwisho. Ukifika 1406, sukuma ukurasa mpaka mwisho kabisa wa kulia, hata kama wamekuambia hakuna kitu. Kwenye safu ya aliyebadilisha utakuta neno moja kwa herufi ndogo, halina nafasi katikati: mamangetich. Ndilo jina nililoingia nalo kwenye mashine ile kila asubuhi, miaka tisa. Jina lako limo ndani yake. Utakuwa peke yako, kidole chako kitakuwa juu ya kitufe cha kufuta, na hakuna atakayejua. Najua utanipenda sana dakika hiyo.

Niache pale nilipo.

Mimi mama yako